Faili linasema "presha", ndani kuna degedege: niweke msimbo gani?

AfisaFaili aliandika:

Habari zenu wadau. Nina miezi minne tangu nihamishiwe upande wa wazazi. Kabla ya hapo nilikuwa naweka misimbo ya wodi ya mifupa, na huko mambo yalikuwa yamenyooka: mfupa wa paja umevunjika, unaandika mfupa wa paja. Huku nimekutana na faili ambalo limekaa mezani kwangu siku ya tatu leo na sithubutu kulifunga. Tunatumia ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa.

Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mama mwenyewe asitambulike, lakini mambo yenyewe ni haya.

Kwenye fomu ya ruhusa, pale pa utambuzi wa mwisho, daktari kaandika maneno matano: "Presha ya mimba. Upasuaji. Damu." Nikifuata hayo tu naishia O13 au O16 za presha, naongeza O82 ya upasuaji, nalifunga faili na kuchukua lingine. Tatizo ni kwamba nilisoma ndani.

Karatasi ya wauguzi, ukurasa wa pili, mwandiko wa haraka haraka: "9:40 mgonjwa amepata degedege, kama dk 2, amelazwa ubavu, oksijeni, Dr ameitwa, MgSO4 imeanza." (MgSO4 ni magnesiamu salfeti, dawa ya degedege.) Hakuna "usiku", hakuna "asubuhi". 9:40 basi. Ripoti ya upasuaji inasema mtoto alitoka 04:35, hai, akalia. Sasa hapo ndipo ninapokwama. Kama 9:40 ni saa zetu za Kiswahili, saa tisa na dakika arobaini usiku, basi ni 03:40 na degedege lilikuja kabla mtoto hajazaliwa. Kama muuguzi alifuata saa 24 kama alivyofanya daktari, basi ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na mama alikuwa ameshajifungua saa tano nyuma. Msimbo unabadilika: O15.0 ni kifafa cha mimba kabla ya uchungu, O15.1 ni wakati wa uchungu, O15.2 ni baada ya kujifungua. Na fomu ya ruhusa haijataja kifafa kabisa!

Halafu damu. Ripoti ya upasuaji inasema damu iliyopotea ni mililita 600. Lakini nyuma ya faili zimebanwa fomu za benki ya damu, nimezihesabu mara mbili: chupa tano, na kila moja imesainiwa kuwa imeisha. Mililita 600 na chupa tano za damu haviendani kichwani mwangu, ingawa mimi si daktari.

Mwisho, jibu la maabara: chembe sahani, zile za kugandisha damu, 62,000. Mwenzangu wa meza ya pili kaniambia presha ikikutana na chembe sahani za chini hiyo ni HELLP, lile tatizo zito la presha ya mimba, niandike O14.2.

Niandike ninachokiona ndani au nifuate alichoandika daktari? Naogopa kumwongezea mgonjwa ugonjwa. Na naogopa zaidi kuandika "presha" kwa mama aliyekakamaa dakika mbili.

---

Nukta:

Pole kwa kazi. Mimi ningeweka O15.9, ile ya kifafa cha mimba ambacho wakati wake haujatajwa, ndiyo salama kwako. Na O14.2 weka, vipimo vipo. Ushahidi upo kwenye faili, hakuna atakayekuuliza. Mafaili yanajaa, huwezi kukaa siku tatu na moja.

---

MkungaMwandamizi:

AfisaFaili, kwanza asante kwa kufungua ndani. Nimezalisha kwa miaka kumi na tisa kabla mgongo haujanikatalia zamu za usiku, na huu ni mwaka wangu wa saba wa kuweka misimbo. Kalamu nimeishika pande zote mbili, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Ndugu Nukta, hapo nakukatalia. O15.9 ipo kwa ajili ya faili ambalo limetafutwa hadi mwisho na wakati haukupatikana. Hili bado halijatafutwa. Na O14.2 kwa kutazama namba moja ya maabara ni kumpa mtu utambuzi, na sisi hatutambui magonjwa. Tunatafsiri alichotambua mwenye dhamana ya kutibu.

Tuanze na saa. Wewe unayo karatasi ya wauguzi na ripoti ya upasuaji. Umeangalia chati ya dawa? Magnesiamu salfeti haianzi kimyakimya. Kwa utaratibu wa sindano za msuli, dozi ya kwanza ni gramu 4 mshipani pamoja na gramu 10 msulini, tano kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa nne. Tafuta saa ya ile dozi ya kwanza. Ikiwa imeandikwa karibu na 03:50, halafu inayofuata ni karibu na 07:50, degedege lako ni la usiku. Kama mama angekakamaa saa tatu na dakika arobaini asubuhi akiwa tayari yuko kwenye dawa, tungetegemea kuona gramu 2 za nyongeza mshipani muda huohuo, nje ya ule mpangilio wa saa nne. Usipoiona, hiyo nayo inakupa fununu.

Kisha patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Kujua kwamba degedege lilikuja kabla ya mtoto hakutoshi, unahitaji kujua kama uchungu ulikuwa umeanza. Angalia ilifunguliwa saa ngapi, njia ilikuwa imefunguka sentimita ngapi, mikazo mingapi ndani ya dakika kumi. Mama aliyefika sentimita 5 na mikazo yake inahesabika ni mama aliye kwenye uchungu, na hapo unaelekea O15.1. Kama patografu ni tupu na alipelekwa chumba cha upasuaji moja kwa moja kutoka mapokezi, ni habari nyingine.

Lakini hata ukivipata vyote hivyo, usiandike bado. Chukua faili, nenda wodini, mtafute muuguzi aliyeandika ile 9:40 na daktari aliyesaini ruhusa. Hapo namna ya kuuliza ina uzito. Usimwambie daktari, "Dokta, huyu alikuwa na kifafa cha mimba na HELLP, sivyo?" Amechoka, ana wagonjwa kumi na wanne mbele yake, atasema ndiyo ili uondoke. Mwonyeshe ukurasa, sema haya tu, kisha nyamaza: "Karatasi ya wauguzi inataja degedege, maabara inaonyesha chembe sahani 62,000, benki ya damu imetoa chupa tano. Utambuzi wa mwisho unasema presha ya mimba na damu. Naomba uandike utambuzi wako kamili." Akiandika, aandike chini, kwa tarehe na saa ya leo na saini yake. Ile ya mwanzo isifutwe, isipakwe wino mweupe, isiongezewe neno pembeni kana kwamba lilikuwepo tangu siku ile.

Kuhusu damu, umeona vizuri. Zile 600 zilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya, hasa damu inapokuwa imelowa kwenye vitambaa na kuganda chini ya mgonjwa. Mimi nilifundishwa kupima: kitambaa kilicholowa kwenye mizani, toa uzito wa kitambaa kikavu, kila gramu moja ihesabu kama mililita moja. Usiku wa kwanza nilipofanya hivyo kwa mama ambaye wote tulisema kapoteza "kama mia nne", mizani ilisema mia tisa na ushee. Tangu siku hiyo siandiki "kama". Tena ripoti ya upasuaji inaishia pale ngozi inaposhonwa. Damu inayotoka chumba cha kuamkia haimo humo. Tafuta karatasi ya chumba hicho, nadhani ndiko zilikokwenda chupa tatu kati ya hizo tano.

Na chanzo cha damu kiandikwe. Kondo likikwama na damu ikatoka, ni O72.0. Mfuko wa uzazi ukilegea ukakataa kukaza, ni O72.1. Damu ikija baada ya saa 24 ni O72.2. Damu ikikataa kuganda, O72.3. Neno "Damu" peke yake halikupeleki popote.

Sasa nisimulie kwa nini haya yananichoma. Kituo kimoja nilichofanya kazi zamani, sitakitaja, tuliandika "presha" kwa kila mtu. Aliyekuwa na 140 kwa 90 asiye na dalili yoyote, "presha". Aliyeletwa na machela amejiuma ulimi, "presha". Robo ya mwaka ikiisha, taarifa inapanda juu: kifafa cha mimba, sifuri. Na dawa zilikuwa zinaagizwa kwa kufuata taarifa ileile. Usiku mmoja nikiwa na mama kitandani, ameshapata dozi ya kwanza na ya pili, naenda kabatini kuchukua ya tatu, nakuta kasha moja tupu na karatasi ya maelekezo ndani yake. Nilisimama pale na karatasi mkononi. Tulikimbilia kuazima kituo jirani, ikafika ikiwa imepita saa moja na dakika ishirini ya muda wake. Mama alipona. Asubuhi nilikaa na lile daftari la robo mwaka nikaitazama ile sifuri, nikakumbuka kwa sura wanawake sita ambao mimi mwenyewe niliwashika wakikakamaa katika miezi ile mitatu. Maneno "presha ya mimba" kwenye majalada yao niliyaandika kwa mkono wangu.

Kwa hiyo kaa na faili lako siku ya nne kama itabidi.

---

ZamuYaUsiku:

Mimi ni daktari wa wazazi, na nimewahi kuandika maneno matano kama hayo. Naomba niseme yanatokea vipi, si kwa kujitetea. Fomu ya ruhusa hujazwa siku ya nne au ya tano, saa sita mchana, na mtu ambaye usiku ule hakuwepo. Mama amekaa kitandani anacheka na mtoto wake, presha 130 kwa 85. Daktari anaandika anachokiona siku hiyo. Degedege liko kurasa thelathini nyuma.

Mama MkungaMwandamizi kasema yote kuhusu kuuliza. Naongeza kuhusu HELLP kwa sababu kosa hilo naliona mara nyingi. Jina lenyewe limebeba vitu vitatu: chembe nyekundu za damu kupasuka, vimeng'enya vya ini kupanda, na chembe sahani kushuka. Umetaja kimoja. Chembe sahani zinaweza kushuka kwa sababu ya pre-eklampsia kali yenyewe, ule ugonjwa wa presha ya mimba unaotangulia kifafa, au kwa sababu mtu amevuja damu nyingi na kuongezewa damu nyingi. Jibu la 62,000 lilichukuliwa saa ngapi, kabla ya upasuaji au baada ya chupa ya nne? Vipimo vya ini vimo? Kama havimo, hata mimi nikiletewa faili hilo sitaandika HELLP.

Kitu kingine: akishapata degedege, na likathibitishwa kuwa ni kifafa cha mimba, usibaki kwenye O13 wala O14.1 (ya pre-eklampsia kali) kama utambuzi mkuu. O15 ndiyo inayobeba degedege linalofuata presha ya mimba, iwe presha hiyo ilianza na ujauzito au alikuwa nayo tangu zamani. Na O82 isikae juu. Misimbo ya O80 hadi O84 ni ya kuonyesha namna ya kujifungua. Inakuwa utambuzi mkuu pale tu ambapo faili halina habari nyingine zaidi ya kwamba mama kajifungua. Kwa mama huyu upasuaji ni nyongeza tu, O82.1 kwa kuwa ulikuwa wa dharura.

Madaktari wenzangu mnaosoma hapa, sentensi moja tu inatosha, si lazima iwe insha: "Kifafa cha mimba wakati wa uchungu, degedege moja 03:40, presha ya juu kabisa 178 kwa 116, upasuaji wa dharura 04:35, kuvuja damu kwa kulegea kwa mfuko wa uzazi, jumla mililita kadhaa, uniti 5." Dakika moja na nusu. Andikeni kwa saa 24, na kama mnaandika kwa saa za Kiswahili, basi "usiku" au "asubuhi" lisiachwe kamwe.

---

Nukta:

Nimesoma, nimekubali. Nilijibu kama mtu mwenye rundo la mafaili mezani, na ndivyo nilivyo. Swali: chupa tano za damu zina msimbo wake? Kwetu kuna daftari la akina mama "walioponea chupuchupu" na sijawahi kuelewa nani anaingia na nani haingii.

---

MkungaMwandamizi:

Umeuliza vizuri. Hakuna msimbo mmoja wa ICD-10 unaosema "huyu nusura afe". Ni hesabu tofauti, na vigezo vyake viliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Wanaangalia viungo vilivyoshindwa kazi: moyo na mzunguko wa damu, mapafu, figo, ugandaji wa damu, ini, ubongo, na mfuko wa uzazi. Kuongezewa uniti 5 za damu au zaidi ni kigezo kimojawapo. Kutolewa mfuko wa uzazi kwa sababu ya kuvuja damu au maambukizi ni kingine. Chembe sahani lazima ziwe chini ya 50,000, kwa hiyo zile 62,000 peke yake zisingemwingiza. Degedege moja lililotulia kwa dawa humweka kwenye kundi la matatizo yanayotishia uhai, ila halimfanyi moja kwa moja kuwa aliyeponea chupuchupu. Huyu wa AfisaFaili anaingia kwa zile chupa tano.

Ndiyo maana "aliongezewa damu" haitoshi. Nne na tano zinatenganisha daftari moja na jingine. Andikeni idadi, na saa ya kila chupa kuanza na kuisha.

---

Ukurasa42:

Samahani kuingilia, mimi nashughulika na vyeti vya vifo na naona mjadala huu unanigusa. Kwetu maneno matano huwa mawili: "Moyo kusimama." Kila anayekufa moyo wake unasimama. Ukinipa hilo tu kwa mama aliyejifungua juzi, nitaishia O95, kifo cha uzazi kisichojulikana chanzo, ilhali wodini watu saba wanajua alivuja damu kondo lilipokwama.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuvipanga vifo hivi katika makundi tisa, na la nane ni la visivyojulikana chanzo. Kundi hilo likinenepa kwetu, mimi najua ni kalamu zimechoka, maana wagonjwa wale walikuwa na watu waliowatibu.

Msisahau pia sehemu ya cheti inayouliza kama marehemu alikuwa mjamzito, au alikuwa mjamzito ndani ya siku 42 kabla ya kifo, au kati ya siku ya 43 na mwaka mmoja. Watu wanairuka. Mama akifia wodi ya magonjwa ya ndani siku ya 30 kwa figo zilizoharibiwa na kifafa cha mimba, wa wodi ile hawajui habari ya mimba, wanaandika figo, na kifo cha uzazi kinapotea hivyohivyo. Akipita siku 42 kabla ya mwaka kuisha, kuna O96 yake.

---

Kalamu_ya_Bluu:

Sisi tumeanza kuhamia ICD-11, ambayo ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Kifafa cha mimba kiko JA25 na pre-eklampsia JA24. Misimbo inaweza kuunganishwa kwa mkwaju (/) na alama ya "&" ili hali moja ibebe maelezo zaidi. Inapendeza, ila 9:40 isiyo na asubuhi wala usiku inatusumbua kulekule.

---

AfisaFaili:

Nimerudi. Asanteni sana, na mama MkungaMwandamizi, shikamoo.

Nilianza na chati ya dawa kama ulivyoniambia. Dozi ya kwanza 03:50. Ya pili 07:50, ya tatu 11:50. Karibu na 09:40 hakuna kitu. Patografu ilikuwa imekunjwa mara nne na kusukumwa ndani ya bahasha ya maabara, ndiyo maana sikuiona siku zote hizo. Ilifunguliwa 01:10, sentimita 5, mikazo mitatu kwa dakika kumi. Alama ya mwisho ni ya 03:10, baada ya hapo mraba zote tupu.

Nikaenda wodini. Muuguzi mwenyewe alikuwa ndiyo anaingia zamu ya mchana. Nikamwonyesha ukurasa sikusema kitu. Aliutazama, akasema, "Ni saa tisa usiku. Nilikuwa nimemshika kwa mkono huu, nikaandika kwa huu." Akaomba kalamu, akaongeza chini mstari mpya: muda 03:40, tarehe ya leo, saini. Nilijisikia vibaya maana kwa siku tatu nilikuwa nimemlaumu moyoni kwa uzembe. Yule dada alikuwa peke yake na wagonjwa tisa.

Damu: karatasi ya chumba cha kuamkia ilikuwepo, imebandikwa nyuma ya chati ya dawa ya usingizi. Mililita 1,100 zaidi, zimepimwa kwa mizani, mfuko wa uzazi umelegea, dawa za kukaza, kisha puto la kuzuia damu. Kwa hiyo 600 na 1,100 ni 1,700. Mtu alizipima na kuziandika vizuri kabisa, ila hakuna aliyezijumlisha na za upasuaji.

Daktari aliyesaini ruhusa nilimpata jana jioni. Nilimsomea yaleyale maneno ya mama, neno kwa neno, nikanyamaza. Alikaa chini, akasoma faili lote, dakika kumi hivi, halafu akaandika nusu ukurasa. Kifafa cha mimba wakati wa uchungu. Kuvuja damu baada ya kujifungua kwa kulegea kwa mfuko wa uzazi, mililita 1,700, uniti 5. HELLP hakuiandika. Jibu la chembe sahani lilichukuliwa 08:20, baada ya chupa ya nne, vimeng'enya vya ini havikuwa vimepanda (jibu lilikuja kesho yake na lilikuwa limewekwa kwenye faili la mgonjwa mwingine mwenye jina linalofanana, nimelirudisha), na kesho yake hiyo chembe sahani zilikuwa zimepanda kufikia 118,000. Kwa hiyo ningeandika O14.2 ningekuwa nimedanganya.

Nimeweka O15.1 juu, O72.1, O82.1, na Z37.0 kwa mtoto mmoja aliyezaliwa hai. Nimelipeleka jina lake kwenye lile daftari la walioponea, na nimemwambia muuguzi kiongozi kwamba patografu zisikunjwe tena kuwekwa ndani ya bahasha. Kanikubalia, akanionyesha kwamba mashine ya kutoboa karatasi imeharibika tangu zamani. Nimempelekea ya kwetu.

Chini ya faili hili kulikuwa na lingine. Utambuzi wa mwisho: "Homa baada ya kujifungua." Chati ya joto ina 39.4 siku tatu mfululizo, na antibiotiki zimebadilishwa mara mbili. Mama, hili nikianza nalo, nianze na ukurasa gani?

---

MkungaMwandamizi:

Marahaba mwanangu. Anza na mapigo ya moyo, pumzi na mkojo kwa saa, kabla hujafika kwenye joto. Kisha tafuta kama kuna mtu yeyote, ukurasa wowote, aliyeandika neno sepsisi, yaani maambukizi yaliyouelemea mwili. Kama yupo, mfuate huyo kwanza, maana hapo tunazungumzia O85, msimbo wa sepsisi ya uzazi.